Naomba ushauri: binti yangu aandike habari za rangi yake au aziache?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Tuko Marekani mwaka wa 11 sasa. Binti anamaliza sekondari na anaomba vyuo sita. Mnakumbuka Mahakama ya Juu, tarehe 29 Juni 2023, kwenye kesi za vyuo vya Harvard na North Carolina, ilizuia vyuo kuangalia rangi ya mwombaji. Ila Jaji Mkuu Roberts aliacha upenyo: mtoto anaweza kueleza rangi ilivyogusa maisha yake, mradi ionyeshe ujasiri au uwezo wake mwenyewe.

Insha ya maombi ni maneno 650 tu. Kaandika tunavyosuka wateja nywele kila Jumamosi, vidole vikinukia mafuta ya nazi hadi kanisani kesho yake. Halafu kuna mwalimu aliyeshindwa kutamka jina lake, akawa anamwita "wewe wa nyuma" mwaka mzima. Baba yake anataka hiyo ya mwalimu ifutwe, eti wataona analilia huruma. Mimi naona ndiyo yenye uhai, maana binti mwenyewe ndiye aliyemfuata mwalimu akamfundisha kulitamka, silabi kwa silabi. Mshauri wa shule nimemwendea mara mbili, jibu lake "aandike ukweli wake". Nikarudi nilivyokwenda.

Mlioombea watoto vyuo baada ya 2023, sehemu kama hiyo iliwasaidia au iliwaponza? Na kile kisanduku cha rangi kwenye fomu, akijaze au akiache wazi?

Mwisho wa kutuma ni tarehe 1 Januari. Asanteni.