Pesa za kaya maskini: mtu azitolee jasho kwanza?

Jana barazani hapa Wete, Pemba, mzee mmoja alisema: "Anaechukua pesa za TASAF na ana mikono miwili, afanye kazi kwanza." Naileta jamvini. (TASAF ni mfuko wa maendeleo ya jamii, ndio unaotoa pesa za kaya maskini.)

Mie nnapinga. Kwanza kazi ipo tangu zamani. Mpango huo wa kunusuru kaya maskini ulipoanza ajira za muda, mlengwa alipewa siku 60 za kazi kwa mwaka, shilingi 2,300 kwa siku. Piga hesabu: 138,000. Watu wamepanda mikoko, wamejenga matuta maji ya chumvi yasiingie mabonde ya mpunga.

Pili, huyo "mvivu" ni nani? Mama yangu mdogo yuko Micheweni, analima mwani. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, yanakupwa mnamo saa nne asubuhi, na hapo ndipo anapoingia, maji ya magoti, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, mpaka vidole havikunjuki. Mwaka mmoja zamu yake ya kuchimba mtaro wa TASAF ikaangukia siku za bamvu, asubuhi ile ile. Aliomba abadilishiwe, akaambiwa jina litakatwa. Akenda mtaroni. Aliporudi shambani kamba zimekatika, mwani umekwenda na mkondo. 2,300 yake alipata, lakini.

— Wa Mkoani: Dada, ya mwani nakubali. Na vijana wa maskani je? Wana vyeti vya kidato cha nne, hoteli za Nungwi na Paje kule Unguja zimejaa watu wa bara na Kenya. Hao ukiwapa pesa bila ya kuwafunza upishi na lugha, unawafuga.

— Mie: Hao sio walengwa, kaka. Mlengwa ni kaya, sio kijana mmoja. Ila mafunzo nakuunga mkono, yafanyike hapa hapa Pemba, nauli ya boti peke yake inamzuia mtu.

— Wa Chake: Pensheni jamii ya Zanzibar ilianza 2016, wazee wa miaka 70 wakipewa 20,000 kwa mwezi, hawakuambiwa wachimbe kitu. Mbona hakuna aliewaita wavivu?

— Wa Mkoani: Wale wazee, bwana! Usichanganye.

— Mie: Haya, basi tubaki kwenye zamu. Bamvu linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kila mvuvi anajua. Sheha, kiongozi wa mtaa, akae na wanawake wa mwani kabla ya kupanga siku za mtaro. Nani anapinga hilo?