Naomba ushauri: saa sita za Nakuru zimesomeka saba Chicago

Binti wa Milimani, Nakuru
Hamjambo wanajukwaa. Ninanukuu rekodi za sauti kwa mwajiri aliyeko Chicago, na malipo ni kwa saa. Jumapili tarehe 9 Machi 2025 niliketi mezani saa mbili asubuhi, nikaifunga kompyuta saa nane mchana. Programu yao, inayoandika saa za kwao, inaonyesha kuwa nilianza Jumamosi 23:00 nikamaliza Jumapili 06:00. Hizo ni saa saba, lakini nimelipwa sita, na saa yangu ya ukutani nayo inasema sita. Je, nidai ile moja?

Mwalimu wa Hesabu, Kakamega
Usidai, dada. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, nayo ndiyo siku uliyofanya kazi: ilipotimia saa nane usiku kule Chicago, yaani saa tano asubuhi kwetu, saa zao ziliruka hadi tisa. Saa unayotaka kuidai haikuwahi kuwapo. Kabla ya kutoa, geuza kila wakati uwe wa UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zao. Kenya imeitangulia UTC kwa saa tatu mwaka mzima, hivyo ulianza 05:00 ukamaliza 11:00. Chicago ilikuwa nyuma kwa saa sita ulipoanza, na kwa tano ulipomaliza. Jumlisha sita kwenye 23:00 na tano kwenye 06:00, utafika palepale.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Mwalimu amesema kweli, ila anayepunjwa hupunjwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha saa nyuma, kwa kuwa zamu kama hiyo ya saa sita husomeka tano. Tena andika kwa mtindo wa saa 24. Mimi niliwahi kumwandikia mteja "2:00" nikimaanisha saa mbili asubuhi, naye akaningoja mchana.

Binti wa Milimani, Nakuru
Ahsanteni sana. Barua ya kudai nilikuwa nimekwisha kuiandika, nimeifuta. Lakini Mwalimu, ikiwa usiku huo wa Novemba wao hupitia 01:30 mara mbili, nitajuaje nilimaliza katika ipi?

Mwalimu wa Hesabu, Kakamega
Tazama saa yako ya ukutani, kwani hiyo hairudi nyuma. Ya kwanza itakukuta saa tatu na nusu asubuhi, na ya pili saa nne na nusu.