Chaki imeng'ang'ania kwenye spindo ya mashine ya kukereza mbao: naitoaje?

mbao_na_patasi
Wakuu, naomba msaada. Chaki (kishikio cha mbao inayokerezwa) ya taya nne, kipenyo mm 100, imekwama kwenye mashine ndogo ya mezani. Spindo (mhimili unaozungusha chaki) ni ya inchi 1, thredi (nyuzi za skrubu) 8 kwa inchi. Nimeizuia spindo kwa pini ya kugawia duara, nikachomeka ufunguo wa chaki na kuuvuta kama wenzo. Chaki haikusogea, na pini imeanza kupinda. Mafuta ya kulegeza kutu nimeweka tangu jana. Nitumie moto?

fundi_spindo
Moto hapana, mkuu. Kwanza toa hiyo pini. Kazi yake ni kugawia nafasi tu; ukiendelea kuilazimisha itakatika, au itavunja tundu lake kwenye puli, na hapo utakuwa na matatizo mawili. Ufunguo wa chaki nao usiufanye wenzo, utaharibu meno ya ndani.

Chomoa waya wa umeme. Angalia nyuma ya chaki: spindo nyingi zina sehemu mbili bapa za kushikia spana, au tundu la kupitisha chuma. Shika hapo. Gurudumu la mkono la upande wa kushoto usilitegemee, mara nyingi limeshikwa na skrubu ndogo tu na litafunguka lenyewe.

Tafuta mbao ngumu, unene sm 4 na urefu sm 50. Ipitishe mshazari kati ya taya, mbili upande huu na mbili ule, kisha kaza. Uelekeo wa kufungua ni uleule mashine inaozungukia ikikereza: sehemu ya juu ya chaki inakuja kwako. Ndiyo maana chaki hujikaza yenyewe. Spindo inakwenda mbele, patasi inaizuia mbao na kuirudisha chaki nyuma. Kwa hiyo spana iegemee kitanda cha mashine upande wako, kukiwa na kipande cha mbao katikati, na wenzo, yaani ile mbao ndefu, uwe mlalo kuelekea kwako.

Sasa usiuvute. Ugonge kuelekea chini kwa nyundo ya mbao, karibu na ncha yake, pigo moja kali na la ghafla. Kuvuta polepole kunakunja kila kitu kidogo kidogo na thredi zinabaki zimebanana. Pigo la ghafla ndilo linalovunja mshiko.

nyuzi_nane
Naongeza juu ya joto, maana lina nafasi yake. Tumia bunduki ya hewa moto kwenye mwili wa chaki pekee, dakika 3 hadi 5, kisha gonga mara moja kabla spindo haijapata joto. Chuma cha mm 25 kikipanda nyuzi joto 60 kinatanuka karibu mm 0.02. Ni kidogo, ila kwa thredi zilizobanana kinatosha. Moto wa gesi utaharibu grisi na sili za beringi. Na kwa kuwa umeshaweka mafuta, yafute kabisa kwanza, mengi yanashika moto.

Usitumie kivutio cha kung'olea puli. Hapa hakuna cha kung'olewa, ni thredi. Nguvu yote itaishia kwenye beringi.

fundi_spindo
Nimesahau jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Angalia shingoni mwa chaki, pale inapokutana na spindo, kama kuna skrubu ndogo zisizo na kichwa. Huwekwa ili chaki isifunguke mashine ikizungushwa kinyume, na vumbi la mbao huzifunika kabisa. Safisha kwa sindano uone.

mbao_na_patasi
Ipo moja! Nimeilegeza na chaki imesogea kwa pigo la pili, lakini imezunguka nusu tu na kukwama tena.

fundi_spindo
Ncha ya skrubu imeinua ukingo kwenye thredi ya spindo. Usilazimishe. Kwanza itoe skrubu yote, usiilegeze tu. Tia matone 2 au 3 ya mafuta, kisha zungusha robo mbele, robo nyuma, ukiongeza kidogo kila mara. Ikitoka, sawazisha ule ukingo kwa tupa ndogo ya pembetatu, ukigusa chuma kilichoinuka tu. Safisha thredi zote mbili kwa brashi. Unga wa mbao uliochanganyika na utomvu unashika kama gundi.

Ukirudisha skrubu, weka chini yake kipande kifupi cha waya wa shaba ili ncha isiume thredi.

nyuzi_nane
Na weka washa ya plastiki ya mm 1 kati ya chaki na bega la spindo (ukingo bapa thredi zinapoishia), iwe na unene sawa pande zote, vinginevyo chaki itayumba. Ikaze kwa mkono mpaka ikae begani. Watu huogopa kuikaza wakidhani ndiyo inayosababisha kukwama, kumbe chaki iliyoachwa na nafasi ndiyo hujigonga begani mashine inapowaka na kubanana kuliko mkono wowote ungeweza kuikaza.