Robert Smalls alikuwa askari kweli, na katika Bunge la South Carolina alifanya kazi gani?

Mdadisi wa Pwani:

Wanajamvi, salamu zenu. Kila ninapokutana na habari za Robert Smalls, mtumwa aliyetoroka na meli aliyokuwa akiifanyia kazi katika bandari ya Charleston, South Carolina, alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, simulizi huishia pale alipopandisha shuka jeupe mlingotini na kupokewa na manowari za serikali ya Washington. Yaliyofuata hupewa sentensi mbili tu, kwamba akawa nahodha na kwamba akawa mbunge.

Nina maswali mawili. La kwanza, wapo wanaomwita askari mkongwe wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na wapo wanaosema hakuwahi kuandikishwa jeshini hata siku moja. Ni wepi wenye haki? La pili, kabla ya kwenda Washington alikaa miaka kadhaa katika Bunge la jimbo lake. Je, humo alifanya jambo la kukumbukwa, au kiti kile kilikuwa tuzo ya ushujaa na basi? Kisa cha meli wengi tunakijua, kwa hiyo naomba kiguswe pale tu kinapolazimu.

Rubani wa Zamani:

Ndugu Mdadisi, pande zote mbili zina haki, na chanzo cha mkanganyiko ni neno ambalo sisi watu wa mwambao tunalielewa kuliko wengi. Siku hizi ukitaja rubani watu hutazama angani, lakini rubani wa asili ni yule anayezijua njia za maji, miamba yake na mikondo yake, akaingiza chombo bandarini salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Smalls ndani ya Planter, meli ya mvuke iliyoundwa kwa ajili ya kubeba pamba, kisha ikatumiwa na jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga na serikali ya Washington. Kwa kuwa alikuwa mtumwa, hakuruhusiwa kuitwa rubani. Aliitwa mshika usukani.

Utaniwia radhi nikigusa meli kidogo. Waliompokea hawakufurahia mizinga iliyokuwamo peke yake. Walipata kitabu cha ishara za siri, wakaelezwa mahali mabomu yalipotegwa majini, na wakajulishwa kwamba ngome za Cole's Island zilikuwa zimeachwa wazi. Mtu aliyezitembea njia zile kila siku alikuwa na thamani kuliko chombo chenyewe, na ndiyo maana hawakumwacha aende zake na ile zawadi ya dola 1,500 aliyokatiwa na Bunge la Marekani.

Tangu hapo alifanya kazi ya vita mfululizo. Tarehe 7 Aprili 1863 alikuwa rubani wa Keokuk, manowari ya chuma iliyoshambulia Fort Sumter, ngome ya adui katika bandari ya Charleston, ikapigwa zaidi ya mara 90 na kuzama asubuhi ya siku ya pili. Mwezi Desemba mwaka huohuo alikuwa tena ndani ya Planter, ambayo sasa ilitumikia upande wa pili, walipokutana na mizinga ya adui karibu na Folly Island. Nahodha mzungu alitaka kusalimu amri. Smalls alikataa, kwa kuwa alijua mabaharia weusi wasingehesabiwa kuwa mateka wa vita, akashika uongozi na kuitoa meli katika hatari. Nahodha yule aliondolewa, na Smalls akapewa nafasi yake kwa mshahara wa dola 150 kwa mwezi.

Ila marubani na manahodha wa namna hiyo waliajiriwa kwa mkataba, chini ya idara ya jeshi iliyoshughulikia vifaa na usafirishaji. Kisheria walikuwa raia. Ndiyo sababu alipodai haki za mstaafu hakuonekana katika vitabu vya jeshi. Mwaka 1883 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilipendekeza aingizwe katika orodha ya maofisa wastaafu wa Jeshi la Majini, na pendekezo hilo halikupita. Alisubiri hadi mwaka 1897, Bunge lilipotunga sheria maalumu iliyompa pensheni ya dola 30 kwa mwezi. Mimi binafsi namwita askari mkongwe bila kusita, kwa sababu risasi zilizokuwa zikipiga chombo chake hazikuuliza mkataba wake umeandikwaje.

Mwalimu Mstaafu:

Nimshukuru aliyenitangulia, kisha nilishike swali la pili, ambalo naona ndilo zito zaidi.

Smalls alijua kushawishi watawala kabla hajakalia kiti chochote. Mwezi Agosti 1862 alipelekwa Washington pamoja na mhubiri Mansfield French kumwomba Waziri wa Vita, Edwin Stanton, aruhusu watu weusi waandikishwe jeshini, na walirudi na idhini ya kuandikisha hadi watu 5,000. Baada ya vita alirejea Beaufort, mji aliozaliwa mwaka 1839, na mwaka 1868 akawa mjumbe wa mkutano wa kutunga katiba mpya ya South Carolina.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye kazi yake kubwa kuliko zote. Alipotoroka na Planter hakujua kusoma. Alijifunza ukubwani, kwa walimu aliowalipa mwenyewe. Mtu huyo ndiye aliyewasilisha azimio kwamba jimbo liwe na shule za umma, za bure, na kwamba watoto wote walazimike kuhudhuria. Tukumbuke kwamba katika jimbo hilohilo, miaka michache kabla, kumfundisha mtumwa kuandika lilikuwa kosa la jinai. Katiba ya 1868 iliweka msingi wa shule za umma kwa watoto wote, na watoto maskini wa kizungu, ambao mfumo wa zamani haukuwajali sana, nao wakanufaika.

Mwaka huohuo alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambamo wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Mwaka 1870 Jonathan Jasper Wright aliacha kiti cha Seneti ya jimbo ili awe jaji wa Mahakama Kuu ya South Carolina, na Smalls akagombea kiti hicho akakipata. Alikaa humo mpaka alipokwenda Washington mwaka 1875. Wakati huohuo alipanda vyeo katika jeshi la mgambo la jimbo hadi kuwa meja jenerali. Kwa hiyo ukitafuta cheo cha kijeshi kisicho na ubishi, kipo, ila alikipata akiwa mwanasiasa.

Kiti chake hakikuwa zawadi. Beaufort ilitekwa na manowari za serikali ya Washington mwezi Novemba 1861, wenye mashamba wakakimbia, na watu waliobaki walianza maisha ya uhuru mapema kuliko wenzao wengi. Hao ndio waliomchagua na kumchagua tena, na walikuwa wapigakura wanaojua wanachotaka, yaani ardhi, shule na usalama.

Mpenda Hesabu:

Waheshimiwa, naona sifa zinamiminika, lakini mbona hakuna aliyetaja mahakama? Mwaka 1877 Smalls alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji alipokuwa seneta wa jimbo, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Mwalimu Mstaafu:

Ni kweli, na nilikosea kulipita. Hukumu ilikuwapo. Lakini tazama mwaka wenyewe. Chama cha Democratic kilikuwa ndiyo kwanza kimerudi madarakani jimboni, na mashitaka yaliwaangukia viongozi wa Republican, chama cha Smalls, mmoja baada ya mwingine. Shahidi mkuu, Josephus Woodruff, alikuwa yeye mwenyewe mhusika wa biashara hiyo ya uchapishaji, na alitoa ushahidi baada ya kuahidiwa kwamba hatashitakiwa. Mwaka 1879 gavana alimsamehe Smalls katika mapatano ambayo kwa upande wa pili yalifuta kesi za watu walioshitakiwa na serikali kuu kwa makosa ya uchaguzi. Uchapishaji wa serikali ulikuwa na uchafu mwingi katika miaka ile, hilo sibishi. Kwamba yeye alishika fedha hizo, ushahidi wa mtu anayejinusuru haunitoshi.

Mdadisi wa Pwani:

Nawashukuru wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Je, katiba ile ya 1868 na shule zake ziliishia wapi, naye akiwa hai?

Mwalimu Mstaafu:

Ilibadilishwa mwaka 1895, naye akiwa ndani ya ukumbi. Mkutano mpya wa katiba uliitishwa kwa nguvu za Benjamin Tillman, gavana wa zamani wa jimbo, ambaye hakuficha kwamba shabaha ilikuwa kuwanyang'anya weusi kura, na kati ya wajumbe 160 weusi walikuwa sita, watano wao wakitoka wilaya ya Beaufort. Smalls alisimama akasema kwamba watu wake hawahitaji utetezi maalumu, bali nafasi sawa na ya wengine. Ulipofika mjadala wa kupiga marufuku ndoa kati ya weusi na weupe, alipendekeza kwamba mzungu yeyote atakayebainika kuishi kinyumba na mwanamke mweusi azuiwe kushika wadhifa wa umma. Unaweza kuwaza ukimya uliofuata. Pendekezo lilikataliwa, katiba ikapita, na yeye akakataa kuitia saini. Shule zilibaki, lakini sasa katiba yenyewe iliamuru zitenganishwe kwa rangi.

Miaka michache baada ya hapo alirudishwa kuwa mkuu wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi aliyokuwa ameishika kabla, akabaki nayo hadi mwaka 1913. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba ya Prince Street iliyokuwa ya bwana wake wa zamani, ambayo aliinunua wakati wa vita ilipouzwa kwa sababu ya kodi. Alizaliwa katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo.