Nimeuziwa "trafiki" elfu 42, mteja hata mmoja sijamuona!!

Nani anaweza kuniambia hili neno trafiki maana yake nini hasa, maana mimi limeshanila hela. Nauza spea za boda hapa soko la Kisekka, Kampala, nikafungua tovuti, kijana mmoja akaja, "Ssebo (yaani bwana), nipe laki tatu nikuletee trafiki." Sisi wa Kampala trafiki ni yule afande wa nguo nyeupe anayekusimamisha Wandegeya, foleni yenyewe tunaita jamu, lakini nikajua anasema watu. Nikalipa.

Wiki mbili ananitumia picha ya skrini, elfu 42! Nikachukua breki shuu kwa mkopo nikijua wateja wanakuja. Simu kimya. Kumbe hizo ni hiti, yaani kila faili ambalo seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, inalitoa linahesabiwa, na ukurasa wangu una picha 30 za spea kwa hiyo mtu mmoja akifungua mara moja tu ni hiti 31, picha 30 na ukurasa wenyewe. Gawanya mwenyewe uone elfu 42 inabaki ngapi. Na hao waliobaki wengi ni roboti, programu za kompyuta zinazopita kusoma kurasa za watu, sasa roboti ikinunua cheni ya pikipiki ya Boxer itaifunga wapi??

Bado. Waliohifadhi tovuti nao wananiandikia "trafiki yako imezidi", wamefunga hadi nilipe. Hawa trafiki yao ni GB! Picha nilipiga kwa simu nikazipandisha hivyo hivyo, MB 3 kila moja, ukurasa mmoja MB 90, roboti wamefungua mara elfu moja mia tatu na kitu, GB zaidi ya 100 zimeenda na kifurushi changu ni cha 50. Yaani nimelipa niletewe roboti halafu nalipa tena kwa sababu roboti wamekuja.

Shemeji yangu mwanasheria nilipomwambia nimenunua trafiki alishtuka, kwao hilo neno linakaa kwenye sheria ya 2009 ya usafirishaji haramu wa watu. Akaniambia eti zamani huko Ulaya lilikuwa na maana ya biashara tu, kupeleka bidhaa huku na huku. Biashara gani sasa, mimi breki shuu ziko kwenye boksi na mwenye mkopo anapita kila asubuhi.

Leo nimempigia yule kijana arudishe laki zangu tatu. "Lakini bosi, trafiki si ulipata?" Halafu nasikia honi, ananiambia niko kwa jamu, nitakupigia.