Osaka: Nimelipia kitanda nikalala na kunguni, halafu naambiwa nimewaleta mimi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nilitaka kuufungua nikiwa hukohuko, ila kwa hasira niliyokuwa nayo ningeandika matusi na akaunti ingefungiwa. Sasa nimerudi Dar, nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Nianze kwa kusema najua hosteli ni hosteli. Sikutegemea shuka za hariri wala mtu wa kunibebea begi. Mimi ni mtu wa magari, nilienda Agosti 2025 kuangalia minada upande wa Yokohama. Nilipomaliza nikasema nishuke Osaka siku nne, nionane na jamaa yangu anayesoma Kobe, na hiyo Expo, maonyesho ya dunia, niione. Kosa langu ndilo hilo: Expo ilikuwa inaendelea mpaka Oktoba, vitanda vya bei ya kueleweka vimeisha. Nikapata kimoja mtaa wa Nishinari, jirani na stesheni ya Shin-Imamiya, yen 3,200 kwa usiku. Siku nne yen 12,800, inakatwa kwenye kadi hapohapo na hairudishwi. Kwa hela yetu ni laki mbili na ushee. Kwenye picha kulikuwa na godoro jeupe, taa ya njano na kikombe cha chai kimekaa dirishani. Hicho kikombe nimekitafuta siku zote nne. Hata dirisha lenyewe sikuliona.

Basi la usiku likanishusha Umeda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafika hosteli, naambiwa wageni wanapokelewa saa kumi jioni. Sawa, kanuni ni kanuni. Nikaomba basi niache begi na ninawe uso. Begi: kabati la sarafu, yen 500. Uso: bado si mgeni mpaka saa kumi. Joto la Osaka mwezi wa nane lisikie tu kwa wenzako, hewa imesimama kama ndani ya sufuria, hata sisi wa pwani tunahema. Siku nzima nimeshinda chini ya mnara wa Tsutenkaku nanunua chai baridi kwenye mashine, mtu mzima na familia yangu, kama mlevi aliyefungiwa mlango na mkewe.

Mtaa wenyewe una historia, jamaa yangu alinisimulia baadaye. Ndiko walikokuwa wakilala vibarua waliojenga ile Expo ya kwanza ya Osaka, ya 1970. Alfajiri wanasubiri kazi ya siku, jioni wanarudi kwenye vyumba vya kulipia kwa usiku, vyenye upana wa mikeka mitatu tu, ukinyoosha miguu umegusa ukuta. Vyumba hivyo vinaitwa doya. Ni neno yado, nyumba ya wageni, limegeuzwa nyuma mbele, kwa sababu wenyewe waliona hazistahili kuitwa hivyo. Vibarua wamezeeka, nyumba nyingi zimepigwa rangi na kuwekewa intaneti, sasa wanalazwa wenye mabegi. Basi mimi nililala doya iliyopigwa rangi.

Taulo yen 200. Bafu ni la sarafu, yen 100 kwa dakika kumi, povu likiwa bado kichwani maji yanakata. Jirani kuna sento, bafu la umma, lakini kule wanaume mnaingia uchi wa mnyama wote kwa pamoja, na mimi mtoto wa Temeke niliyelelewa madrasa siwezi, mtanisamehe. Kitu kimoja nawasifu bila unafiki: choo. Kiti kina joto, maji yanakuosha yenyewe, unatoka na heshima yako. Laiti wangeniruhusu nilale humo.

Usiku wa pili nikaanza kujikuna. Wakuu, mimi nimesoma bweni kidato cha kwanza mpaka cha sita. Kunguni hanidanganyi. Alama tatu zimejipanga mstari mmoja kwenye mkono, kama amepimiwa kwa rula. Nikavuta pazia, nikawasha tochi ya simu, nikafunua pindo la godoro pale kwenye mshono: vidoa vyeusi kama wino uliodondokea kitambaa, magamba yao matupu, na mmoja mzima amevimba kama punje ya dengu, anatembea bila haraka, mwenye nyumba. Nikamnasa kwa selotepu, nikashuka naye mapokezi saa tisa usiku.

Kijana wa mapokezi akainama. Akainama tena. Sumimasen, sumimasen. Jamani, wale watu wanajua kuomba radhi mpaka wewe mwenye kuumwa ndiyo unajiona mkosaji. Nikasema nataka hela yangu nitafute pengine. Akatoa simu ya kutafsiri, akaiongelea, akaiseti Kiswahili kabisa kwa kuniheshimu. Simu ikatamka, sauti ya kike, taratibu:

"Kabla ya mgeni kufika, mdudu hakuwepo."

Nikamuuliza umejuaje? Akaongea tena. Simu:

"Mgeni anatoka nchi ya joto."

Aisee! Pasipoti walikuwa wameinakili siku ya kwanza, ndiyo sheria yao kwa mgeni asiye na makazi Japani, sikuwa na neno. Kumbe ndiyo ushahidi wa kesi! Siku tisa niko Japani, nguo nimefua mara mbili kwa mashine za hukohuko, nyumba niliyofikia Yokohama nimelala kama mtoto. Na lile godoro lenye magamba ya kunguni wa miezi, mimi nimelala usiku mmoja na nusu. Hao wamezaa lini, wamekua lini, wamejivua magamba lini?

Jamaa yangu alicheka nilipomsimulia. Kasema mbona jina lao la zamani la kunguni ni nankinmushi, mdudu wa Nanking, kule China. Yaani tangu enzi hizo kunguni lazima awe mgeni kutoka nje! Kwa maelezo yake walipungua sana baada ya vita kwa sababu ya dawa, sasa wamerudi na dawa nyingi za kupulizia hawazijali tena. Hivyo si aibu ya hosteli moja. Aibu ni kumtupia mteja.

Asubuhi jamaa akawapigia kwa Kijapani. Dakika kumi wanazungushana, hapana, samahani, hapana. Halafu akataja neno moja, hokenjo. Hiyo ni ofisi ya afya, ndiyo inayosimamia usafi wa nyumba za wageni. Likaririni hilo neno, mnaosafiri. Palepale sauti zikabadilika. Nikahamishiwa ghorofa ya juu na kurudishiwa yen 3,200 za usiku mmoja, ndani ya bahasha, nimekabidhiwa kwa mikono miwili na kuinamiwa mara ya kumi na ngapi sijui. Bado wananidai shukrani, mimi nawadai 9,600.

Expo nilizunguka nusu siku najikuna, sikumbuki hata nilichokiona.

Tovuti niliyowekea nafasi nimeiandikia barua pepe tatu, na picha za magamba nimeambatisha. Jibu ni lilelile, wasiliana na hosteli. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu wa tovuti kwa kupitia benki yake? Anielekeze alianzia wapi. Na mwenye dawa ya uhakika aiweke hapa, maana begi langu wiki ya tatu hii liko uani juani, limefungwa kwenye mifuko miwili myeusi, na mama watoto kasema halivuki mlango wake.