Poka ya meza nyingi: kubana, kushambulia au kuchelewa kuingia?

Mgebuka_Mkavu (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nacheza poka kwenye simu, yale mashindano ya meza nyingi ya kiingilio kidogo, watu mia tatu na zaidi. Hapa kijiweni tumegawanyika. Wapo wanaosema bana: tupa karata mpaka upate ree mbili au K mbili, waache wengine wauane. Wapo wanaosema shambulia tangu dakika ya kwanza. Halafu kuna jamaa mmoja yeye husubiri usajili ukaribie kufungwa ndiyo anaingia, anasema saa mbili za mwanzo ni kupoteza bando. Mimi nataka meza ya mwisho, siyo kurudishiwa kiingilio tu. Nifuate ipi?

Nyuki_wa_Isevya (Tabora)
Mkuu, hao wa kubana wapigie hesabu. Tuseme blaindi, yaani dau la lazima la watu wawili kila mkono, ni 500 (ndogo) na 1,000 (kubwa), na anti, dau dogo la lazima la kila mtu, ni 100, meza ya watu tisa. Kila mzunguko zinakutoka 1,500 za blaindi na 900 za anti, jumla 2,400. Ukiwa na kete (chipsi) 24,000 una mizunguko kumi, yaani mikono 90, karata zikigawiwa mara 90. Ree mbili au K mbili, ukizijumlisha, huja wastani mara moja katika mikono 110 hivi. Na hapo nimefanya kana kwamba blaindi hazipandi! Kwa hiyo anayesubiri karata hizo ataliwa na blaindi kabla hazijafika, na hata zikifika atalipwa na nani, wakati meza nzima imeshamwona anatupa kwa saa nzima?

Reli_ya_Kati
Umesahau Jack Straus? Inasimuliwa kwamba mwaka 1982 alibaki na kete moja tu kwenye shindano kuu la World Series of Poker, akalichukua lote. Uvumilivu upo.

Nyuki_wa_Isevya
Straus hakukaa na ile kete akiiangalia, aliiingiza. Tena hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo kwa sababu haitokei kila Jumapili.

Kibirizi_Usiku
Mimi siko upande wowote. Mvuvi wa dagaa haingii ziwani kwenye mbalamwezi, taa yake haivuti kitu. Giza likirudi, hasinzii. Mwanzoni, mtu ana blaindi kubwa mia moja mkononi, kuiba blaindi, yaani kupandisha dau ili wote watupe, hakuna maana: unahatarisha kingi upate kidogo. Hapo bana, ila ukiwa na jozi ndogo ingia kwa bei rahisi, ukipata tatu za aina moja unamkamata mtu mwenye ree asiyejua kutupa. Anti zikianza ndipo kuna kitu cha kuvua.

Mgebuka_Mkavu
Sawa, anti zimeanza. Nashambulia vipi bila kujiua?

Nyuki_wa_Isevya
Usihesabu kete, hesabu una blaindi kubwa ngapi. Ukiwa nazo kama 30 au zaidi, pandisha kidogo tu, mara mbili na kitu ya blaindi kubwa, hasa ukiwa kwenye batani, kiti kinachoamua mwisho baada ya karata za mezani kufunguliwa, au kiti kinachoitangulia. Mtu akikupandishia tena kwa nguvu unatupa, maisha yanaendelea. Kati ya 15 na 25 kazi yako nzuri ni kumwekea kete zako zote yule anayepandisha kila mkono, maana mara nyingi hana kitu. Ukifika kumi, acha kupandisha nusunusu. Weka zote au tupa. Rudi kwenye mfano wangu: una 10,000, mezani tayari zipo 2,400. Wote wakitupa umeongeza karibu robo ya mali yako bila kuonyesha karata. Ukisubiri ushuke mpaka nne, hata ukiweka zote mwenye blaindi kubwa atakufuata na takataka yoyote, kwa sababu bei ni rahisi kwake.

Na tazama unamwibia nani. Mwenye kete chache kabisa hatupi, na mwenye mlima wa kete hajali. Wa katikati ndiye anayeogopa.

Shangazi_Ujiji
Wanangu, mmeongea vizuri ila mnazungumza kana kwamba kete ni hela. Siyo. Chukueni watu watatu waliobaki, zawadi jumla milioni moja: 500,000, 300,000 na 200,000. Mmoja ana nusu ya kete zote, wa pili asilimia 30, wa tatu asilimia 20. Ukipiga hesabu ya nafasi ya kila mmoja kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu, mwenye nusu ya kete haki yake ni kama 384,000, siyo 500,000. Na mwenye asilimia 20 ana kama 289,000. Kete unazopoteza zinauma kuliko unazopata zinavyofurahisha. Ndiyo maana karibu na mstari wa malipo mwenye kete nyingi anawapandishia watu wa kati kila mkono, nao wanatupa hata karata nzuri. Kuweka zote wewe wa kwanza ni sawa. Kumfuata aliyeweka zote kunataka karata nzito zaidi.

Kibirizi_Usiku
Shikamoo Shangazi. Hapo umemaliza.

Reli_ya_Kati
Na wa kuchelewa je? Mbona mnamkwepa?

Shangazi_Ujiji
Marahaba. Huyo ana hoja kama muda wake mfupi, au kama shindano ni la kasi, blaindi dakika tano. Lakini anaingia na blaindi 20 au 25, hana nafasi ya kucheza, na wale wachezaji dhaifu wa saa ya kwanza wameshamwaga kete zao kwa wengine. Wewe Mgebuka kama unajiona bora kuliko meza, ingia mapema. Kama asubuhi unawahi kazini, chelewa, usione aibu.

Mgebuka_Mkavu
Asante Shangazi. Na satelaiti, yale mashindano madogo ambayo zawadi yake ni tiketi ya shindano kubwa, nazo nichezee hivyohivyo?

Shangazi_Ujiji
Hapana! Chris Moneymaker alipita satelaiti ya dola 86 akaingia shindano kuu la World Series of Poker la 2003, kiingilio chake dola 10,000, akawa wa kwanza kati ya watu 839, akaondoka na dola milioni 2.5. Lakini kwenye satelaiti tiketi zote ni sawa. Zikiwa kumi, mmebaki kumi na moja, nawe una kete nyingi kuliko karibu wote, kisha mwenye nyingi kama zako anaweka zote: tupa hata ree mbili.

Reli_ya_Kati
Ree mbili? Mimi siwezi.